Pembe Iliyolia Mrindi

Asiyeitika pembe hubeba wake mgongoni. Mnacheka, wajukuu zangu? Haya, kaeni niwaambie ilikotoka, kisha mcheke kama mtaweza.

Ikombo ni kijiji kidogo juu kabisa ya mlima, na chini yake kuna Mrindi. Enzi hizo gari halikufika kote huko. Mgonjwa alishushwa hospitali kwa machela, na desturi ilikuwa moja: pembe ikilia, kila kijiji kilichosikia kitoe wanaume wa kupokezana.

Siku moja Mrindi wakapuliza. Mama yake Mbonea, mkulima wa huko, alikuwa amezidiwa.

"Baba Naetwe, wanaita," Nakunda alimwambia mumewe, Senzota, shambani kwao Ikombo.

"Kushuka tutashuka, kupanda nani atatupandisha? Wakiuliza, upepo ulivuma, hatukusikia."

Akaendelea kulima. Majirani wakamwiga, maana uvivu haukosi wafuasi! Mama wa watu akafia njiani kwa uhaba wa mabega.

Masika yaliyofuata uchungu ukamshika Nakunda, mtoto akakwama. Vijana wa Ikombo walikuwa wameshuka tambarare kwenye vibarua. Walibaki wazee wa mikongojo. Senzota akapuliza pembe mpaka midomo ikavimba. Kule chini aliwaona watu wa Mrindi mashambani. Hakuna aliyeinua kichwa.

Akamfunga mkewe mgongoni kwa kanga, akateremka naye kwenye matope, akianguka na kuinuka. Mrindi akamkuta Mbonea uani, anapukuchua mahindi.

"Mbonea, ndugu yangu, hukusikia pembe?"

"Nilisikia. Hata wewe ya mama yangu uliisikia."

"Niliisikia," Senzota akasema, machozi yakimtoka. "Nilikosa. Nisaidie kwanza, unilaani baadaye."

Mbonea akainuka, moyo umemsuta. Akamgusa Nakunda shingoni.

"Mshushe, Senzota. Hakuna tena pa kukimbilia."

Basi Mrindi nzima ikatoka na machela kumpandisha marehemu. Loo, maiti hakosi wabebaji! Lakini Senzota aliwakatalia.

"Niachieni," akasema. "Mimi sikuitika."

Akapanda mlima na mkewe mgongoni, na mtoto wao tumboni mwake. Wao wakamfuata hadi Ikombo na machela tupu, hakuna aliyethubutu kumtazama mwenzake.

Ndiyo maana watu wa mlima ule, wa juu na wa chini, husema: asiyeitika pembe hubeba wake mgongoni.