Ndiyo ya Tatu

Paukwa!
Pakawa!
Aliyesinzia afinywe, ugali bado haujaiva.

Hapo zamani za kale, wanyama wa Mteremkoni walilima mtama. Bi Nungu naye alilima. Alikuwa nungunungu mjane, ana watoto wanne na kibuyu kimoja cha mbegu. Kikiisha hicho, hakuna kingine.

Mwaka huo akaja Korongo. Alitoka mbali, ng'ambo ya bahari, amejaa elimu mpaka kwenye mabawa. Akatua juu ya jiwe, tap. Udongo hakuugusa. Miguu yake ilikuwa safi.

"Matuta yenu yamekaa ovyo," akasema. "Yamekatiza mlima, tena yamepinda. Nikiyaangalia kutoka juu, naona aibu. Yanyoosheni, kutoka kileleni mpaka mtoni. Mnaelewa?"

"Ndiyo," wakajibu wote.

"Mnakubali?"

"Ndiyo, Bwana Mtaalamu."

Sasa sikilizeni. Wanyama wa Mteremkoni hawamkatalii mgeni. Humwitikia, humnywesha chai, akishaondoka hulima kama bibi zao walivyolima. Siku zote imewafaa. Bi Nungu peke yake akanyoosha mkono.

"Bwana Mtaalamu, udongo wa huku umeukanyaga?"

"Nimeuona."

"Sikuuliza kama umeuona."

Kima, mwenyekiti, akakohoa. "Bi Nungu, sema ndiyo, mama. Chai inapoa."

"Hapana," akasema Bi Nungu. "Matuta yangu siyageuzi."

Wote wakainamisha macho. Hapana, mbele ya mgeni. Kima akaamua: huyo hasaidiwi kulima. Alime peke yake, yeye na miiba yake.

Lakini mgeni huyu hakuondoka. Kila asubuhi alipita juu, fyuu, anakagua. Wakaona haya. Walishasema ndiyo, wangefanyaje? Wakayanyoosha matuta.

Bi Nungu akalima. Jembe moja, chaka, chaka, mgongo unauma. Mara nyingine alisimama akawaza: nikikosea, wanangu watakula nini? Akainama tena. Akapanda mbegu zote, kibuyu kikabaki kitupu.

Mvua ikaja. Chwaaa. Maji yakaona njia zilizonyooka, yakashuka mbio. Udongo twende, mbegu twende, mpaka mtoni. Asubuhi Kima alikuwa ndani ya mto, anachuja tope kwa vidole.

Korongo akapita juu. Akaona mto mwekundu. Akaona shamba moja tu limetulia, maji yamelala nyuma ya matuta kama ng'ombe zizini. Akashuka. Chubwi, tope hadi magotini.

"Mbona hawakuniambia?" akauliza. "Wenzako wote walisema ndiyo."

"Hapa kwetu ndiyo ya kwanza ni salamu," Bi Nungu akajibu. "Ya pili ni chai. Ungengoja ya tatu."

"Na wewe ulisema hapana."

"Nilikuwa na mbegu za kupanda. Za kutupa kwa ajili ya adabu sikuwa nazo."

Korongo akacheka kidogo, kwa aibu.

Mtama wa Bi Nungu ukaota umesongamana. Akang'oa miche iliyozidi, akawagawia majirani. Kima akapokea yake bila kumtazama usoni.

"Chimba tuta kwanza, Mwenyekiti," Bi Nungu akamwambia. "Likatize mlima. Kama unapenda, waweza kuniitikia ndiyo."

Kima akachimba.

Miche ikashika. Kisha wakaja viwavi, weusi, wengi, wanakula majani kra, kra, kra. Hapo Korongo akaingia shambani kwa miguu yake mirefu. Tap, dona. Tap, dona. Siku tatu, tuta kwa tuta. Kazi hiyo hakuhitaji kuisomea.

Wakavuna, Mteremkoni kote. Watoto wanne wa Bi Nungu wakashiba, yule mdogo akasinzia na tonge mkononi.

Msimu wa kuhama ukafika. Korongo akasimama katikati yao, tope limemkaukia miguuni.

"Mwakani nirudi?"

Wote wakamgeukia Bi Nungu.

"Ndiyo," akasema.

"Hiyo ni ya salamu au ya chai?"

"Ya tatu."

Hadithi yangu imeishia hapo, ukingoni mwa shamba. Wewe mwenye elimu, kanyaga udongo kwanza. Nawe mwenye shamba, mheshimu mgeni kwa kumwambia kweli. Haya, naweni mikono, ugali umeiva.