Jumbe Hakushika Hatamu

Jumbe hakushika hatamu. Mmelisikia neno hilo leo mkutanoni, bibi mmoja akimwambia Kastori aliyekuwa akilalamika kwamba mwenyekiti ndiye aliyemkosanisha na kaka yake. Watu wazima wakacheka, nyinyi vijana mkabaki mnatazamana. Mlidhani ni tusi kwa wakubwa. Wakubwa wanastahili tusi, tena zito, lakini hili si lao. Chanzo chake ni hiki, na kilitokea hapa hapa Ubena, katika baridi hii hii, zamani za majumbe.

Palikuwa na mtu aitwaye Mgaya. Ujana wake aliumalizia katika zizi la mzungu mmoja mwenye shamba la miti ya miwati, akisugua farasi na kuwakatia majani. Mzungu alipofunga shamba arudi kwao, farasi wazima waliuzwa wote, akabaki jike mmoja wa rangi ya udongo aliyekuwa anachechemea. Mzungu akaleta bunduki ammalize. Mgaya akamwomba ampe yeye, akapewa. Akaukanda ule mguu kwa maji ya moto kila jioni mpaka ukashika ardhi sawasawa. Kwa kuwa farasi yule alikuwa na weupe usoni mfano wa shela, watu wakamwita Bibi Arusi.

Mwanzoni kijiji kizima kilimcheka Mgaya, mtu wa kaptula ya viraka kupanda mnyama wa mabwana. Masika yalipofika na magari yakashindwa kupanda mlima kwa utelezi, waliocheka ndio waliokuja kubisha hodi. Huyu ana gunia la pareto, yule ana mbegu ya viazi, mwingine ana mke aliyeshikwa na uchungu. Mgaya aliwabeba wote.

Rafiki yake mkubwa alikuwa Mlelwa, mgema wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, ambaye nyumba yake ilikuwa kando ya njia, pale inapoanza kuteremkia mtoni. Sasa nyinyi mmezaliwa wakati wa pikipiki, mnaamkiana mkipita kama upepo. Zamani huku haikuwa hivyo. Mtu hakuamkiwa na aliye juu ya mnyama. Salamu ya juu ya tandiko ilikuwa salamu ya bwana kwa mtwana. Wala habari nzito haikusemwa kwa mtu aliye juu: ashuke kwanza, miguu ikanyage chini, ndipo aambiwe. Kwa hiyo kila jioni Mgaya alishuka langoni kwa Mlelwa. Mlelwa alitoka na kiazi mkononi, akampa Bibi Arusi kwanza, ndipo akammiminia mwenzake ulanzi.

"Mgeni wangu ni huyu," alikuwa akisema. "Wewe umemsindikiza tu."

Farasi naye akajifunza. Akifika pale langoni alisimama mwenyewe, hata Mgaya akiwa na haraka, na hasogei mpaka Mlelwa atoke.

Kisha Mgaya akafiwa na mkewe. Alikufa kwa homa ambayo sindano ingeiondoa, lakini sindano haikuwepo, kwa sababu zahanati haikuwepo. Kuta zake zilikuwepo. Watu walifyatua matofali, wakajenga mpaka juu, na serikali ikaleta mabati. Mabati yakaishia juu ya nyumba ya jumbe. Tangu siku hiyo Mgaya hakuamini tena neno la jumbe. Jumbe akisema mvua inanyesha, Mgaya alitoka nje akanyoosha mkono. Katika msiba ule Mlelwa aliacha mianzi yake ikichuruzika bila mtu, akahamia kwa Mgaya, akawa anampikia ugali mbichi katikati, na Mgaya akaula, maana hakuna aliyemlazimisha kunyamaza wala kusema.

Mwaka uliofuata jumbe akachoka kuzungukia vitongoji kwa miguu. Akamtaka farasi. Mgaya akamjibu mbele za watu kwamba mgongo wa Bibi Arusi haubebi mabati. Watu wakaangua kicheko, na jumbe naye akacheka. Mkubwa akicheka unapomchoma, kaa macho.

Jumbe akaenda akafikiri. Farasi hula majani. Shamba la Mgaya lilikuwa la mawe, kule mgongoni mwa kilima, halina jani la kiangazi. Kiangazi Bibi Arusi alilishwa bondeni, kwenye kinyungu cha Mlelwa, shamba lile la unyevu karibu na mto, ambapo mwenye shamba alimwachia ukingo mpana usiolimwa. Basi jumbe akamwendea Mlelwa, akamwamuru kwa jina la serikali azungushie kinyungu uzio wa mianzi. Kisha akampitia Mgaya, sura ameikunja kama mfiwa.

"Rafiki yako amekuja kwangu kushtaki," akamwambia. "Farasi anammalizia maharage, na yeye anaona haya kukuambia. Ameomba aweke uzio. Ningefanyaje? Haki ya mtu ni haki yake. Ila ukikosa majani, kwangu yapo."

Mgaya hakumwamini. Alimcheka hata jumbe akaondoka. Lakini kesho yake, akiwa juu ya tandiko anateremka kilima, akaona bondeni uzio mbichi wa mianzi, mrefu, umezunguka kinyungu chote kwa kadiri jicho lake lilivyofika. Moyo wake ukageuka. Mtu ambaye hakuamini neno la jumbe hata moja, akaamini hilo moja.

Alipofika langoni farasi akasimama. Mlelwa akatoka na kiazi chake.

"Kamwene," Mgaya akamwamkia kutoka juu.

Mlelwa akainua macho. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona rafiki yake kutoka chini namna ile. "Shuka basi, mnyalukolo, ndugu yangu. Nina neno."

"Neno lako nimelipata kwa uliyempelekea."

Akavuta hatamu. Bibi Arusi hakusogea, alikuwa ananusa kiazi. Mgaya akampiga fimbo ya ubavu. Hakuwa amepata kumpiga tangu aliponusurika bunduki. Farasi akaruka, akaenda zake, na kiazi kikabaki mkononi mwa Mlelwa.

Ikawa hivyo kila jioni. Farasi anasimama, Mlelwa anatoka, Mgaya anachapa. Mlelwa naye alikuwa mtu mwenye kichwa chake. Mkewe, Mama Yustina, alimwambia aende kwa Mgaya wayamalize. Akasema aliyeamkiwa toka juu ya tandiko hafuati mtu, hungoja ashukiwe. Basi akangoja. Mgaya akawa anakwenda ng'ambo ya kilima na mundu kukata majani, anarudi nayo kichwani. Farasi akakonda mbavu zikahesabika. Kwa jumbe hakumpeleka, hilo tumpe sifa yake, na ni hilo tu.

Masika yakaingia. Jioni moja farasi akasimama langoni na Mlelwa hakutoka. Mgaya akajiambia kwamba Mlelwa amechoka kujifanya mwema. Akafurahi, lakini akageuka mara mbili kulitazama lango. Kesho yake hivyo hivyo. Siku iliyofuata, mvua ikinyesha, Mama Yustina alikuwa amesimama pale langoni, khanga imemgandia mwilini. Farasi aliposimama, akaishika hatamu karibu na mdomo wa mnyama.

"Shemeji, shuka."

"Kuna nini?"

"Shuka kwanza. Mwenzio anakutaka."

"Nikishuka nitasema mabaya."

"Shuka uyaseme. Tutayasikiliza."

Mgaya akatazama mlango wa nyumba. Ulikuwa umefungwa. Akaona kwamba mwanamume amejificha ndani na amemtuma mke kumwombea suluhu. "Mwenye mashtaka ampelekee jumbe," akasema. "Si ndiko mlikokuzoea? Achia hatamu, shemeji."

Mama Yustina aligeuka akautazama mlango. Kisha vidole vyake vikaachia. Mgaya akachapa.

Ndani ya nyumba ile Mlelwa alikuwa amelala, kifua kimembana, pumzi inakuja kwa kuombwa. Hospitali ya misheni ilikuwa ng'ambo ya mto. Vijana wakamfunga kwenye machela wakamteremsha. Mto ulikuwa umefura, daraja la miti limekwenda na maji, daraja ambalo jumbe aliambiwa tangu kiangazi kwamba limeoza. Kwa miguu hapakupitika. Farasi mrefu angevuka pale juu penye mawe, na alishavuka mara nyingi na wagonjwa wa watu wengine, lakini baada ya jibu lile la langoni hakuna aliyekwenda tena kumwomba. Wakamweka Mlelwa ukingoni, wakamfunika majani ya migomba, wakangoja maji yapungue. Maji yalipopungua, hakukuwa na haja ya kuvuka.

Mgaya alipata habari akiwa sokoni. Alikuja mazishini kwa miguu, anamkokota Bibi Arusi nyuma yake, na hakuna aliyemsemesha.

Baada ya kuzika, jumbe akasimama kutoa pole za serikali. Akasema marehemu alikuwa raia mtiifu. Akasema alipotoa amri ya kuzungushia vinyungu, marehemu aliomba sana asamehewe kwa ajili ya farasi wa mwenzake, lakini alipokataliwa alitii, ndiye wa kwanza kutii kijijini. Akayasema hayo na Mgaya amekaa mbele yake. Alikwisha kusahau uongo wake. Mtu mdogo akidanganya hukumbuka, maana ataulizwa. Mkubwa atakumbuka ya nini?

Mgaya akainuka, akateremka bondeni. Akaufuata uzio kwa miguu, mkono wake ukigusa mianzi, mpaka akafika upande wa mto, upande usioonekana ukiwa njiani juu ya tandiko. Pale uzio ulikuwa na mwanya. Haukubomoka, uliachwa. Nguzo mbili zimesimamishwa vizuri, na nafasi katikati yake ni upana wa farasi. Ndani yake, ule ukingo wa majani haukuguswa na jembe. Majani yalikuwa yamefika kiunoni, yamekwisha kutoa mbegu, na hakuna mnyama aliyeyala.

Alirudi matangani. Akasimama mbele ya watu, akamnyooshea jumbe kidole.

"Huyu ndiye aliyemuua," akasema. "Alinidanganya juu ya Mlelwa. Mke wangu alimuua kwa mabati, na rafiki yangu amemuua kwa maneno. Kama si jumbe, mimi ningeshuka."

Watu wakaguna kumuunga mkono, maana kila mmoja alikuwa na lake moyoni juu ya jumbe. Jumbe akaanza kuitafuta kofia yake. Ndipo Mama Yustina, aliyekuwa amekaa chini na wajane wenzake, akasema bila kupaza sauti, na watu wakanyamaza ili wamsikie.

"Jumbe ni mwongo, shemeji. Na mwizi. Hilo halihitaji shahidi hapa. Lakini siku ile langoni tulikuwa wawili. Mimi nilishika hatamu kwa chini, wewe uliishika kwa juu. Mimi nilikuwa na mdomo wa kusema mwenzio anakufa, nikangoja mila, nikakuachia. Wewe ulikuwa na miguu ya kushuka. Mvua ilikuwepo, farasi alikuwepo, na hata farasi alisimama. Jumbe hakushika hatamu."

Mgaya alibaki amesimama, kidole bado kimenyooshwa, hajui akirudishe wapi. Kisha akakaa chini, mbali kidogo na wanaume wenzake.

Jumbe hakupatwa na kitu, msije mkadhani hadithi zote hulipa. Alizeeka chini ya mabati yake, akafuata mwingine, na huyo mwingine alikula hata misumari. Mgaya aliishi miaka mingi baadaye. Ulanzi ukimkolea alianza kusimulia: alikuwa na mke, alikuwa na rafiki, na kama si jumbe. Akifika hapo maneno yalimwishia. Akakaa akiitazama mikono yake, kisha akaimalizia mwenyewe sentensi ya yule mjane. Wasikilizaji wakaichukua, wakaenda nayo majumbani, wakaambiana waume na wake, ndugu na ndugu, mpaka ikatufikia sisi.

Basi mkamwambie Kastori. Mwenyekiti amekosea, na siku ya kumhesabia ikija mumhesabie yote, msimwachie hata moja. Lakini nyumba ya kaka yake iko pale pale kando ya njia, na yeye hupita hapo kila jioni. Jumbe hakushika hatamu.