Bi Kibindo na Jua Lililokataa Kuzama

Paukwa!

"Pakawa!"

Sahani!

"Ya mchele!"

Mchele mtupu? Na kitoweo?

"Uduvi!"

Hayo ndiyo maneno. Sogeeni motoni basi, na wewe Kibwana acha kuchokoa makaa, maana hadithi ya leo ni ya uduvi. Si wale tuliowala mchana na wali, hapana. Wale ni wa kwetu, wamezoea joto na nazi. Hawa ni binamu zao wa mbali.

Hapo zamani za kale, kaskazini kabisa mwa dunia, palikuwa na bahari ya baridi. Baridi gani? Baridi ya kugonganisha meno. Baridi hata maji ya juu yakaganda, yakawa magumu kama sakafu, mtu akakanyaga akapita zake.

"Uongo huo," akasema Mize.

Uongo njoo, utamu kolea. Sikiliza.

Ndani ya bahari hiyo waliishi uduvi, wadogo kama ukucha wa mtoto, na miili yao ilipitisha mwanga, hata ukimtazama mmoja unaona alichokula jana. Miongoni mwao alikuwapo mama mmoja aitwaye Bi Kibindo. Mama uduvi wa huko hatagi mayai akaenda zake. Huwabeba wanawe tumboni kwa nje, ndani ya mfuko, kama bibi anavyofutika tambuu yake kibindoni. Wana wa Bi Kibindo walikuwa wengi, na kila mmoja alikuwa na mdomo. Kutwa walichungulia mfukoni wakauliza. Nanyi mtamsaidia mama kujibu, maana peke yake hawawezi.

"Mama, giza?"

"Bado, wanangu."

"Mama, njaa."

"Najua, wanangu."

Kwa nini waliulizia giza? Kwa sababu uduvi walikuwa na sheria yao. Mchana walilala chini kabisa topeni. Jua likizama, walipanda juu wakala mwani laini unaoelea, na alfajiri wakashuka. Aliyepanda mchana aliliwa na Chewa, samaki mwenye mdomo mpana na kidevuni unywele mmoja tu, ambao aliuringia kama ndevu za kadhi.

Mwenye kulinda sheria alikuwa Mzee Zamu. Mzee sana huyo, alizaliwa majira ya baridi yaliyopita. Macho yake yalisimama juu ya vijiti viwili, na kila jioni aliyaelekeza juu. Akiona kweusi, aliita, "Giza tororo, pandeni!" Nao walipanda, watu kwa maelfu, kwa vifijo. Asipoita, hapandi mtu.

Basi siku moja kiangazi kikaingia. Na huko kaskazini, jamani, kiangazi kikiingia jua halizami.

"Linakwenda wapi?" akauliza Kibwana.

Haliendi. Linazunguka tu pembeni mwa mbingu kama mgeni asiyetaka kuaga. Uduvi hawakulijua jambo hilo. Maisha yao ni mafupi, na waliopata kuliona walikuwa wameshaliwa kabla hawajalisimulia. Wakangoja jioni. Jioni ikagoma. Wakalala, wakaamka, mwanga uko palepale. Mzee Zamu akatoa macho hata vijiti vikauma.

"Limechelewa kidogo," akasema. "Litazama tu."

Wakangoja tena. Matumbo yakaanza kupiga ngoma.

"Mama, giza?"

"Bado, wanangu."

"Mama, njaa."

"Najua, wanangu."

Bi Kibindo akawatazama wanawe, akaona wamekonda. Akajua kwamba akikaa pale kungoja jua, watakufa kabla hawajatoka mfukoni. Akasema, "Giza likikataa kuja, nitalifuata."

Akaenda kwanza kwa Ngisi. Ngisi alikuwa mtu wa maringo, ana mikono kumi na kazi hana hata moja.

"Kaka Ngisi, nimekuja kuomba giza."

"Umefika penyewe," akasema Ngisi. "La bei mbaya ndilo hili, lakini wewe jirani, nakupa bure."

Akajikaza, akajikamua, akamwaga wino wake wote. Maji yakawa meusi tii. Mzee Zamu kule chini akaona, akafurahi sana, akaita, "Giza tororo, pandeni!"

Wakapanda mbio. Hawajafika nusu ya njia, wino ukawaingia puani. Mmoja akapiga chafya. Sasa uduvi akipiga chafya haendi mbele, anafyatuka kinyumenyume, mkia mbele kichwa nyuma. Chya! Huyo akamgonga wa nyuma yake. Chya! Huyo naye akamgonga mwingine. Chya! Chya! Haya, pigeni nanyi. Bahari nzima ikawa uduvi wanaoruka nyumanyuma, wanaombana radhi, wanagongana tena.

Kumbe mkondo nao umekuja, ukauzoa wino, ukaupeleka kwao mbali. Kukawa kweupe pe. Chewa alikuwa amekaa pale pale anatazama, anacheka hata unywele wake unatikisika. Kicheko ndicho kilichowaokoa, kwani mdomo ulikuwa na kazi nyingine. Alipokuja kukumbuka kuuma, aliambulia ncha ya sharubu ya Bi Kibindo, basi.

Wakarudi topeni na matumbo matupu.

"Mama, njaa," wakasema wanawe. Safari hii hawakuuliza giza.

"Najua, wanangu."

Bi Kibindo akajifuta wino, akaenda kwa Nyangumi.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. U mtoto wa nani?"

"Wa Bi Mwangaza wa kule bondeni."

"Ah, namkumbuka," akasema Nyangumi. "Nilimla."

 Mwenye shida hachagui, Bi Kibindo akaeleza yote. Nyangumi alimhurumia kweli. Akasema, "Kivuli changu ni kikubwa kama mtaa, kichukueni, mle mwani chini yake. Ila nina mwayo. Kinywa changu nakitawala, mwayo siuwezi."

Nyangumi akaja akasimama juu yao, akalikinga jua. Mzee Zamu akaita, "Giza tororo, pandeni!" Wakapanda chini ya tumbo la Nyangumi, wakauona mwani, wakaukaribia, mmoja akaugusa hasa kwa sharubu. Nyangumi akapiga mwayo.

"Aaaah," wakasema watoto penye moto.

Aaah ndiyo yenyewe. Maji yakaingia, uduvi wakaingia, Mzee Zamu akaingia wa mwisho. Kinywa kikafungwa. Mle ndani palikuwa na giza, giza la kweli, giza ambalo Mzee Zamu hajapata kuliona tangu kuzaliwa. Akasimama juu ya ulimi, akarekebisha macho yake, akaita, "Giza tororo, pandeni!"

"Mzee," akasema Bi Kibindo, "humu ni kinywani."

"Giza ni giza," akasema Mzee Zamu. "Sheria haikutaja kinywa."

"Tupande wapi tena, Mzee? Puani?"

Mzee akafikiri. Bi Kibindo hakumngoja. Akawaambia wenzake wote waparamie kaakaa la Nyangumi, watekenye kwa miguu yao, na mnajua uduvi hana upungufu wa miguu. Wakatekenya huku na huku. Nyangumi akatabasamu. Wakatekenya zaidi. Nyangumi akasema "Hihi." Wakatekenya mpaka penye ulimi, Nyangumi akashindwa, akaangua kicheko cha kutikisa visiwa. Uduvi wakatoka kama punje za mchele gunia likipasuka.

"Nisameheni," akasema Nyangumi kwa machozi. "Niliwaambia mwayo siuwezi."

Wakashuka tena topeni. Mzee Zamu akajipangusa mate, akaelekeza macho juu, akasema, "Tungoje jioni."

Bi Kibindo akakaa. Akasikiliza. Akangoja aulizwe. Wanawe walikuwa kimya.

Na nyinyi nyamazeni kidogo. Mnasikia? Hivyo ndivyo alivyosikia yeye. 

Akasimama. "Mzee Zamu, mimi napanda."

"Jua liko juu, mwanangu. Chewa atakula."

"Chewa namwogopa. Kimya hiki nakiogopa zaidi."

Akapanda peke yake kwenye mwanga mkali, anang'aa kama sindano. Chewa akamwona. Akaja amepanua mdomo, unywele unapepea. Bi Kibindo akafyatuka kinyumenyume, mkia mbele, juu, juu zaidi, bila kutazama anakokwenda, mpaka akajibamiza. Kwa!

"Nani huyo ananitekenya tumbo?" ikauliza sauti nzito, ya polepole.

Ilikuwa Barafu, ile sakafu niliyowaambia. Kiangazi kilikuwa kimeivunja vipande, na hiki kipande kikubwa kilikuwa kinaelea zake. Chini yake palikuwa na kivuli. Chewa akafika, akatazama huku, akatazama kule, macho yake yaliyozoea mwanga hayakuona kitu. Akaondoka akisonya.

"Samahani, Babu Barafu," akasema Bi Kibindo. "Natafuta giza la kulia chakula."

"Giza sina," akasema Barafu. "Nina kivuli kidogo. Na uchafu fulani wa kijani umeniota tumboni, unaniwasha mwaka mzima. Ungenisugua ungenifaa."

Bi Kibindo akatazama. Mwani! Mwani laini, mzito, umetanda tumbo zima la Barafu kama zulia lililotandikwa darini. Ila kuufikia lazima ujipindue, miguu juu, mgongo chini. Na kwa uduvi, kula umepinduka ni utovu wa adabu usiosemeka. Bi Kibindo akajipindua. Alipopinduka, mfuko ukafunguka, na wanawe wakamwagika wote kwenye tumbo la Barafu, wakashika kwa vijiguu vyao.

Mmoja akainua kichwa. "Mama, hii ni dari au sakafu?"

"Ni sinia, wanangu. Kuleni."

Wakala. Wakala mpaka wakawa kijani kwa ndani, unawaona. Wakaanza kukimbizana juu chini, na Barafu ikacheka kwa kuwashwa. Bi Kibindo naye akacheka akalia, akala akalia. Kisha akashuka kuwaita wenzake. Wakapanda haraka, wakajipindua, na walioona haya waliona haya huku wanatafuna.

Wote walipanda, isipokuwa Mzee Zamu. Alibaki topeni, amekonda, macho yake juu ya vijiti yanatetemeka. Bi Kibindo akamwendea na wanawe na tonge la mwani.

"Kula, Mzee wetu."

"Jua halijazama," akasema Mzee Zamu. "Sili mchana. Nyote mmekwisha kuasi, ngoja abaki mmoja wa kulinda sheria."

Bi Kibindo akaona huyu anakufa.  Lakini wale watoto hawakukubali. Wakamparamia mzee, wengine wakakaa juu ya jicho la kulia, wengine juu ya jicho la kushoto, wakabanana mpaka hapakuwa na tundu la kupenya mwanga.

"Babu," wakasema, "usiku umeingia."

Mzee Zamu akageuza macho huku, akayageuza kule, kote kweusi.  Halafu sauti yake ikatoka, ndogo, imechoka, na ndani yake mna raha.

"Giza tororo," akasema.

Akafungua kinywa, akalishwa.

Basi jueni, desturi huwekwa imlinde mtoto. Siku desturi hiyo ikianza kumuua mtoto, mama hujipindua, na watoto wakishashiba humfanyia mzee usiku wake.

Hadithi yangu imegandia hapo. Kibwana, yafukie makaa, na Mize aniongoze mimi bibi yenu mpaka kitandani.