Asali Iliyokwenda Sokoni Ikarudi

Waliotutangulia wamesimulia, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba katika mji mmoja wa Yemeni aliishi mja mwema aitwaye Bi Lubaba, mpika haluwa. Idi ilikuwa inakaribia, na mtungi wake wa asali umekauka hata nzi wameuhama. Mwaka ule mvua iliadimika, nyuki wakalala njaa, na asali sokoni ikapanda bei maradufu. Asipopata asali hapana haluwa, na pasipo haluwa nyumba yake ingeipokea Idi kwa maji matupu.

Asubuhi moja punda akasimama mlangoni kwake na viriba vya asali, na nyuma ya punda bibi kizee wa milimani, Bi Ruzaina, vumbi mpaka kwenye kope.

"Mwanangu, nipe bei ya mwaka jana nipumzike. Nina njaa, na soko liko mbali."

Mume wa Bi Lubaba, Mzee Kutaiba, alimkonyeza mkewe mpaka jicho likakaribia kung'oka. Bi Lubaba naye si jiwe. Mkono wake ulikwishafika kwenye mizani, na moyo ukimwambia: si mwenyewe kataka? Akaurudisha mkono.

"Bei ya mwaka jana imekufa, mama. Kwanza kula. Kisha nenda sokoni ukaulize. Ukishajua, ndipo tuzungumze."

Bibi akala, akashukuru, akaondoka na punda wake.

"Umerogwa?" akafoka Mzee Kutaiba. "Kaja kwa miguu yake!"

"Na kwa tumbo tupu. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikataza kuwalaki wenye bidhaa njiani kabla hawajaijua bei ya soko. Au aliwakataza watu wote isipokuwa wewe?"

Adhuhuri ikapita. Kila kwato ziliposikika Bi Lubaba alichungulia. Mara mbuzi, mara muuza maji.

"Tutauza haluwa ya maneno," mumewe akasema.

Bi Lubaba akasali alasiri, kisha akaanza kusugua masufuria asiyojua atapika nini ndani yake.

Ndipo punda akatokea, viriba vyote mgongoni.

"Nimezunguka soko zima," alisema Bi Ruzaina. "Wote wana bei nzuri. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama nimekula. Asali ni yako, mwanangu. Lakini kwa bei ya soko, na sipunguzi hata tone!"

"Nani kakuomba upunguze?"

Wakacheka wote wawili. Mzee Kutaiba akacheka mwisho, kidole kikiwa kimekwishazama kiribani.

Haluwa ya Idi ile ilikatwa vipande vidogo, na faida ikawa ndogo vilevile, lakini ililiwa. Na kila mwaka baada ya hapo, punda yule hakuhitaji kuelekezwa mlango.

Enyi waumini, biashara imehalalishwa ili anayeuza ale na anayenunua ale. Wewe unayemvizia mkulima njiani ukamchukulia gunia lake kwa bei ya kutupa, usijiite mjanja. Hukumshinda kwa akili. Umemshinda kwa njaa yake.