Visanduku Arobaini na Kimoja

Methali isemayo mtaka yote hukosa yote haimkatazi mtu kutamani. Inamwonya yule anayetaka kukumbatia kila kitu kwa mpigo mmoja, maana mikono ikijaa kupita kiasi, hata kile kilichokwisha kushikwa huponyoka. Wengi tunaijua mdomoni tu. Fundi wa kompyuta wa hospitali moja aliielewa siku alipomwona mzee wa watu akilaumiwa kwa kosa ambalo si lake.

Fundi huyo alikuwa dada mwembamba, mpole, mwepesi wa kazi kama moto wa makuti. Ofisi yake ilikuwa chini ya ngazi, chumba kidogo chenye harufu ya vumbi na nyaya zilizopata moto. Kompyuta, printa na tabuleti zote za hospitali zilikuwa juu yake zikiharibika. Lakini kujua ziko wapi ilikuwa kazi ya mzee wa stoo, ambaye aliandika kila kitu katika daftari moja nene lililochakaa jalada. Watu walimwita Mzee Funguo, kwa sababu funguo zake zilifika kabla yake. Ukisikia kwenye korido cheng'e, cheng'e, ujue anakuja. Alikuwa amebakiza miezi minne astaafu.

Mwaka huo hospitali ikanunua programu ya kusimamia vifaa. Programu ilikuja na visanduku vitatu tu vya kujaza: jina la kifaa, namba yake na siku kilipopokelewa. Vingine hospitali ijitungie yenyewe, kulingana na mahitaji yake. Kazi ya kuvitunga akapewa Fundi.

Fundi alifurahi kama mtoto aliyeachiwa chaki na ukuta mtupu. Akaongeza kisanduku cha jengo, cha ghorofa na cha mahali kifaa kilipo. Akaongeza cha rangi. Akaongeza cha urefu wa waya, cha aina ya plagi, cha nani anakitumia na nani alikitumia kabla yake. Kila alipodhani amemaliza, wazo lingine lilimbishia hodi. Alipoinua kichwa, vilikuwa arobaini na kimoja. Na kwa kuwa hakutaka mtu aruke hata kimoja, akaviwekea vyote nyota nyekundu. Kisanduku chenye nyota kikiachwa wazi, programu inakataa kuendelea.

Mzee Funguo alichungulia kwenye kioo cha kompyuta, akashika kiuno.

"Binti yangu, hapa unaandikisha printa au unamchunguza mchumba?"

Fundi akacheka. "Mzee, nataka tujue kila kitu. Kila kitu kabisa."

"Mimi najua kitu kimoja tu, kilipo. Na nikienda nakikuta."

"Sasa hivi mashine itakuambia. Lile daftari nalo lipumzike, mzee wangu. Usiandike tena humo."

Mzee Funguo alikuwa mtu wa kutii. Akalifunga daftari, akalitia kwenye droo.

Wauguzi na makarani wakaambiwa kila mmoja aandikishe vifaa vya chumba chake. Baada ya wiki mbili orodha ilikuwa imejaa, kila mstari una alama ya kijani. Katibu wa hospitali, ambaye kusifu kwake kulikuwa haba kama mvua ya kiangazi, alisema, "Safi." Fundi akalibeba neno hilo hadi nyumbani kama zawadi. Hakuwahi kuisoma orodha yenyewe. Alitazama ukijani wake akaridhika.

Kisha hospitali ikapakwa rangi. Kwa miezi miwili vitanda, makabati na kompyuta vilihamishwa kutoka chumba hiki hadi kile, kile hadi kingine. Daftari lilikuwa limelala kwenye droo, na mashine ilikuwa inaaminiwa.

Jumatano moja asubuhi Katibu aliwaita Fundi na Mzee Funguo ofisini kwake. Mezani palikuwa na karatasi za ile orodha.

"Jumatatu wanakuja wakaguzi," alisema. "Wameomba kuona laptopu tulizopewa na wafadhili. Orodha inasema kumi na moja. Nimetuma mtu jana kutwa nzima, hajaona hata moja mahali inaposemekana ipo. Fundi, hebu soma hapo. Mahali kilipo."

Fundi akasoma. "Hapa."

"Ya pili?"

"Hapa."

"Ya tatu?"

"Hapa hapa."

"Hapa ni wapi?" Katibu akauliza. "Anayekitumia ni 'mimi'. Mimi ni nani? Rangi ni nukta. Plagi ni nukta. Hii ni orodha au ni mafumbo?" Akamgeukia Mzee Funguo. "Mzee, funguo za stoo anazo mtu mmoja. Wakaguzi wakiniuliza, nitataja jina gani?"

Mzee Funguo aliziinua funguo zake mbele ya Katibu. "Miaka ishirini na saba," alisema polepole, "sijapoteza hata kifuniko cha kalamu."

Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze. Alikuwa mtu wa kusema chini chini, lakini siku hiyo maneno yalimtoka yenyewe. "Kosa ni langu, Katibu. Orodha nimeitengeneza mimi. Naomba siku mbili."

"Ijumaa saa tisa," Katibu akasema. "Ikipita hapo, nitaandika barua, na jina la mzee litakuwamo."

Fundi alikwenda moja kwa moja wodi ya watoto, akamwonyesha muuguzi mkuu mstari alioujaza yeye mwenyewe. Muuguzi alikuwa mama mnene, mcheshi, asiyemung'unya maneno.

"Enhe, ni mimi," alisema. "Ulitaka nifanyeje, mdogo wangu? Mtoto huku ana homa, mama yake analia, na wewe unaniuliza waya una urefu gani! Nikiacha wazi, mashine inagoma. Nikaweka nukta, ikakubali. Nikasema kumbe chakula chake ni nukta, basi nikailisha."

"Na 'hapa'?"

"Si nilikuwa nimekaa hapa?"

Fundi alicheka huku machozi yakimlengalenga. Jioni alimkuta dada yake mkubwa, mshonaji, akipima kitambaa sebuleni, pini akiwa amezibana mdomoni. Akamsimulia yote.

Dada akatoa pini. "Mteja akija kushona gauni, nampima kifua, kiuno na urefu. Nikianza kumpima na masikio, ataondoka. Au atasimama tu ili nimalize, huku amejikunja, hata kiuno nikikosee."

"Sasa nifanyeje, dada?"

"Kwani wewe unataka kujua kitu au unataka kumiliki maswali?"

Alfajiri ya Alhamisi Fundi aliwahi kazini, akaanza kufuta. Rangi, futa. Plagi, futa. Mtumiaji wa kabla ya mtumiaji, futa. Vingine vilimuuma kama kung'olewa jino, lakini alifuta. Juu ya vile vitatu vilivyokuja na programu, vikabaki vinne vyake: chumba, anayekitumia, kizima au kibovu, na siku kilipoonekana. Kwenye chumba hakumwachia mtu nafasi ya kuandika atakavyo. Aliorodhesha milango yote kwa namba zake, mtu achague mmoja. Nyota nyekundu akaiacha hapo peke yake.

Kisha akambishia Mzee Funguo stoo. Mzee alikuwa amekaa juu ya sanduku, amenyong'onyea kama jani la juzi.

"Mzee wangu, nisamehe. Nipitishe mlango hadi mlango."

"Kilichopotea hakitafutwi kwa kukaa," mzee akasema, akainuka. Cheng'e, cheng'e.

Walianza ghorofa ya juu, Fundi na tabuleti mkononi, mzee na funguo zake. Laptopu ya kwanza ilikuwa maabara. Ya pili ilikuwa chumba cha mazoezi ya viungo, imefunikwa na shuka lenye madoa ya rangi. Ya tatu na ya nne zilikuwa kabatini kwa wahudumu wa chakula, waliozihifadhi wakati wa ukarabati wakasubiri mwenyewe azifuate. Kila moja ilijazwa kwa muda wa kupiga chafya mbili. Jioni zilikuwa saba. Ijumaa saa nane mchana zilikuwa kumi.

Ya kumi na moja haikuonekana. Walifungua kila mlango, wakainama chini ya kila meza. Saa nane na nusu mzee akaegemea ukuta.

"Labda kweli nimezeeka, binti yangu."

"Hujazeeka. Subiri kwanza." Fundi akaketi pale pale sakafuni, akafungua orodha. Kwa mara ya kwanza akaisoma mstari kwa mstari, badala ya kutazama rangi yake. Mistari miwili ilikuwa imejazwa na yule muuguzi wa wodi ya watoto, siku moja, mmoja saa nne na dakika tano, mwingine saa nne na robo. Jina la kifaa lile lile. Wa pili, mahali pa namba pana masifuri matupu.

Akatimua mbio hadi wodi ya watoto, mzee akimfuata kwa funguo zote.

"Dada, hapa uliandikisha laptopu ngapi?"

"Moja, hiyo hapo mezani," muuguzi akasema. "Ila niliijaza mara mbili. Nilifika swali la mwisho, nikabonyeza, kila kitu kikapotea kwenye kioo. Nikadhani imefutika. Nikaanza upya kwa hasira, hata namba sikuitazama tena. Kwani vipi?"

Fundi akashika mlango. Hiyo ya mezani walikwisha kuihesabu. Laptopu ya kumi na moja haikuwahi kuwapo. Ilizaliwa na maswali yake mwenyewe.

Saa tisa kasoro dakika tano walikuwa mbele ya Katibu. Alisoma ile mistari miwili, akasoma orodha mpya, akainuka akaenda mwenyewe kuhakiki vyumba vitatu alivyovichagua. Aliporudi, hakuketi. Alimpa Mzee Funguo mkono.

"Mzee, nilikuwa naelekea kukukosea. Niwie radhi."

"Yamekwisha, mwanangu," mzee akajibu, na pumzi aliyoishusha ilikuwa ndefu kama ya mtu aliyetua gunia. Nje ya mlango alicheka peke yake, akafuta macho kwa kiganja. "Fundi, visanduku vinne tu!"

"Vinne tu, mzee."

"Na usiniongezee cha tano."

Fundi alihisi mabega yake yakishuka taratibu, kana kwamba tangu Jumatano alikuwa ameyabeba masikioni. Alikuwa ametaka kujua kila kitu, na kwa visanduku arobaini na kimoja hakujua hata laptopu moja iko mlango gani. Kweli, mtaka yote hukosa yote.