Uyoga wa Namkunda

"Uyoga uliozima ndio uwashao msitu." Maneno matano tu. Nakiete, mhitimu wetu wa leo, amesimama na joho lake la chuo, akapewa kipaza sauti mbele ya ukoo mzima, akayasema hayo matano kisha akakaa. Wazee wakapiga makofi. Nyinyi mkacheka mkaulizana ni nani aliyeitwa uyoga. Kucheka si kosa, wajukuu zangu. Kosa ni mtu kucheka kisha akajiondokea bila kuuliza, nanyi mmekuja kuuliza. Basi sogezeni viti, simu zirudi mifukoni, maana methali hii ina kwao, na kwao ni kwetu.

Zamani, kabla wazee wetu hawajapanda kuishi juu ya ardhi, waliishi ndani ya Mlima Vungwe. Si pale mlangoni pa pango, wanapojikinga mbuzi na mvua. Ni chini kabisa, mahali ambapo jua hata kwa habari halikujulikana. Huko kulikuwa na msitu, na haukuwa msitu wa miti. Ulikuwa wa uyoga, tena uyoga mkubwa kiasi kwamba watu waliona haya kuuita kwa jina dogo, wakawa wanasema mayoga. Shina moja watu sita hawakuweza kulikumbatia. Chini ya kofia moja ukoo ulikaa kikao, na nafasi ikabaki.

Mayoga hayo yaliwaka. Mengine yalitoa mwanga wa kijani, mengine wa samawati, na ya upande wa chemchemi yalikuwa manjano kama kiini cha yai la kienyeji. Msitu ulipowaka sana ndiyo ilikuwa mchana wao, na ulipofifia kidogo walijua ni wakati wa kulala. Moto hawakuwasha, kwa sababu moshi haukuwa na pa kutokea. Chakula walikipika kwenye chemchemi za maji moto, nguo walisuka kwa nyuzi za mashina, na nyimbo zao, wanasema waliozisikia, zilifika mwisho wa pango zikarudi zimeongezeka sauti. Hao ndio waliotuzaa. Watu wengine wakipata giza hukaa wakalia. Wa kwetu walipata giza wakajenga mji. Mkiulizwa ukoo wenu, msiinamishe kichwa.

Lakini kila mtu ana lake, na lao lilikuwa hili: kila kitu walikipima kwa mwanga. Kila nyumba ilikuwa na uyoga wake mlangoni, na uyoga huo ndio uliokuwa sifa ya nyumba. Mgeni hakuanza kuuliza hali ya watoto. Aliusifu uyoga kwanza, ndipo akakaribishwa. Waliulisha samadi ya popo, kapu kwa kapu, na mwenye uyoga hafifu alipita njia za nyuma. Tena walikuwa na sheria: uyoga ukizima, ukatwe kabla haujaoza na kuambukiza mengine. Ilikuwa sheria nzuri, na iliwaokoa mara nyingi. Nawaambia mapema ili msije mkadhani wazee wetu walikuwa wajinga.

Katikati ya msitu ulisimama uyoga mmoja usiowaka hata chembe. Ulikuwa mkubwa kuliko yote, mweusi, ngozi yake imepasukapasuka kama kisigino cha mkulima. Hakuna aliyewahi kuuona ukiwaka, wala bibi wa bibi zao. Haukukatwa kwa sababu sheria ilisema "ukizima," nao haukuwahi kuonekana ukizima. Ulikuwa hivyo tangu hapo. Wanawake wa nyumba moja ndio walioulisha, mama akimwachia binti, na zamu ilikuwa imemfikia Namkunda.

Namkunda alikuwa mwanamke wa maneno machache na mikono iliyokolea samadi. Mumewe alikuwa amekufa, akamwachia binti mmoja, Naeli. Mwanzoni hata yeye hakujua kwa nini anaulisha uyoga mweusi. Aliulisha kwa sababu mama yake aliulisha. Alikuja kujua siku alipozika kitovu cha Naeli. Watu wengine walizika vitovu vya watoto wao chini ya mayoga yenye kung'aa, ili mtoto apate nyota. Yeye alikwenda kwa ule mweusi, kama walivyofanya wa kwao wote. Akachimba kwa mikono, na chini ya udongo akakuta nyuzi nyeupe, mbichi, nyingi, zimetoka kwenye shina na kutawanyika kila upande. Akazifuata kwa vidole hatua kumi, hatua ishirini. Zilikuwa zinakwenda kwenye mayoga mengine. Akafukia, akanyamaza, na tangu siku hiyo kapu lake likawa zito zaidi.

Basi ukaja msimu ambao popo walikuwa wachache na samadi ikawa adimu. Mzee Mchome, mkuu wa msitu, aliita kikao. Huyu Mchome alikuwa mtu mwema, nataka mlijue hilo, na uyoga wa mlangoni kwake ndio uliokuwa unawaka kuliko yote.

"Namkunda mwanangu," alisema, "samadi inatuishia. Kapu lako wewe linakwenda wapi?"

"Linakokwenda panajulikana, baba."

"Kwa maiti."

Watu wakacheka. Namkunda akangoja wamalize.

"Si maiti, baba. Una nyuzi hai chini yake, na nyuzi hizo zinakwenda kwa mayoga yetu yote. Njooni sasa hivi niwafukulie mwone kwa macho yenu."

Aliyemjibu alikuwa Mbonea, mkata mayoga, mdogo wake wa tumbo moja, ambaye Namkunda alimlea mgongoni mama yao alipofariki. "Dada," alisema, "hata chakula kilicholala huota nyuzi. Lakini hatukipelekei samadi."

Hapo kicheko kilipanda mpaka kwenye mawe ya juu. Namkunda aliumia, na kilichomuuma zaidi ni mdomo uliotoa neno hilo. Mzee Mchome akainua mkono, akatoa amri kwamba tangu siku hiyo uyoga usiowaka hautapewa samadi. Namkunda akaliweka kapu lake chini mbele ya wote.

"Nimesikia," alisema. "Sitaiba samadi, wala sitakwenda kwa kujificha. Nyumba yetu haijawahi kuulisha uyoga huu kwa kificho, na haitaanzia kwangu. Ila siku msitu utakapoanza kufifia, msiniite mchawi. Niiteni kwa jina langu."

Akaondoka amenyoosha shingo. Alipofika kwake ndipo akalia, na Naeli akamwona, lakini hilo watu wa kikao hawakupewa.

Hazikupita siku kumi. Mayoga ya ukingoni yakaanza kupauka. Kisha yale manjano ya chemchemini yakafifia, na kina mama wakawa wanapika kwa kupapasa. Watu wakaongeza samadi milangoni mwao, haikusaidia kitu. Mwishowe uyoga wa Mzee Mchome mwenyewe ukafifia, na hapo ndipo mambo yalipokuwa makubwa, maana mnajua, maadamu mvua inanyesha kwa mkubwa, huwa haujawa ukame. Kikao kikaitwa tena. Wakasema ule mweusi sasa umeoza kweli, unaambukiza msitu mzima, na sheria ni sheria. Ukatwe.

Walikusanyika wote katikati ya msitu. Mbonea alikuja na shoka lake la jiwe jeusi. Alimkuta dada yake amesimama kwenye shina, ameweka kiganja juu ya ile ngozi iliyopasuka, na Naeli kando yake. Namkunda alijua kwamba akisema uongo ili kuuokoa uyoga atakuwa ameaibisha wanawake wote waliomtangulia, na akisema kweli wasimsikie, Naeli atakua gizani.

"Ondoka, dada," Mbonea alisema kwa sauti ya chini. "Usinifanye nikuondoe mbele za watu."

"Nitaondoka. Nina ombi moja, tena nakuomba kwa mgongo huu uliokubeba. Piga mara moja, na ukipiga usilitazame shoka. Utazame msitu."

"Mkata mayoga haondoi macho kwenye shoka lake, dada. Wewe unajua."

"Najua. Yaondoe leo tu. Kama sijasema kweli, endelea mpaka uanguke, na mimi nitakuwa wa kwanza kubeba vipande kichwani. Na jina la nyumba yetu lisitajwe tena."

Mbonea akamtazama. Kisha akarudi nyuma hatua moja, akainua shoka akapiga, na shoka lilipokuwa bado linaingia, yeye akainua macho.

Msitu wote ulififia. Ulianza karibu, ukaenda mbali, uyoga baada ya uyoga, hadi mwisho kabisa wa pango, kama mtu aliyepigwa ngumi ya tumbo. Kisha mwanga ukarudi, mdogo kuliko mwanzo. Na pale shoka lilipokuwa limekwama, yalianza kutiririka maji meupe, yakawaka. Yaliwaka kuliko uyoga wowote waliowahi kuusifu. Uyoga mweusi ulikuwa na mwanga, wajukuu zangu. Haukujibakizia wa ngozi yake.

"Piga tena," alisema Mzee Mchome. Yeye, kama wengi, alikuwa ametazama shoka.

Mbonea aliliachia shoka. "Sipigi, baba. Ukitaka, lishike mpini wewe mwenyewe, upige. Lakini utazame msitu."

Mzee Mchome aliyaona yale maji meupe miguuni pake. Akageuka, akautazama msitu uliopauka, halafu akayatazama tena maji. Hakuugusa mpini.

"Namkunda mwanangu," alisema hatimaye, "tufanye nini?"

Hebu fikirieni nyinyi mngemjibu nini. Mimi najua ambalo ningesema, na lingekuwa refu. Namkunda alikuwa amekwishapiga magoti, anaziba jeraha kwa udongo na kwa kitambaa cha kichwani mwake, mikono yake yote ikiwaka mpaka viwikoni. Hakuinua hata kichwa.

"Nirudishieni kapu langu," alisema.

Mzee Mchome alilifuata mwenyewe. Alikwenda nyumbani kwake, akazoa samadi yote iliyokuwa chini ya uyoga wake, akalijaza lile kapu, akajitwika kichwani, yeye mkuu wa msitu, na shingo yake haikuzoea mzigo. Watu walipomwona, kila mmoja alikwenda kuzoa ya mlangoni kwake. Mbonea alileta makapu saba siku hiyo. La saba alipolimwaga, akakaa chini karibu na dada yake, akasema, "Nilikucheka." Namkunda akamwambia, "Ulicheka kweli. Sasa shika udongo huu, uzibe upande ule."

Mwanga ulirudi taratibu, ukapita ulipokuwa. Kovu la shoka lilibaki, na hawakulifunika, ili watoto walione. Toka hapo mgeni alipoingia katika nchi ile, kabla hajasifu uyoga wa mwenyeji wake, alipelekwa kwanza kuusalimu ule mweusi. Walitaka pia kumhamisha Namkunda, wampe nyumba karibu na ya Mchome, penye mwanga mwingi. Akakataa, akasema kapu lake litakuwa linasafiri mbali bure.

Siku ya sherehe ya kurudi kwa mwanga, watu walimtaka Mzee Mchome aseme neno. Alizoea kusema mengi, mzee yule. Siku hiyo alisimama, akamtafuta Namkunda kwa macho mpaka akamwona kule nyuma na kapu lake, akasema maneno yale matano mliyoyasikia leo. Kisha akakaa.

Sasa niambieni. Nakiete alipokuwa anasema, alikuwa anatazama wapi? Si meza kuu. Si kwa yule mgeni wa heshima mliyekuwa mnapiga naye picha. Alikuwa anatazama mlango wa jikoni. Pale alikuwa amesimama shangazi yenu Eliwaza, kanga imelowa, macho mekundu kwa moshi. Aliacha shule darasa la sita ili wadogo zake wasome, na wadogo zake hao ndio baba zenu, wote mnaowaona mbele kule wamefunga tai. Kisha akamlea na Nakiete. Asubuhi mmoja wenu, simtaji jina, alimwita "yule wa jikoni." Yuko nyuma sasa hivi, anasugua masufuria ya pilau mliyokula.

Naona mnainuka, vizuri. Lakini msimkimbilie wote na kumkumbatia, atadhani mmelewa. Mchukulieni lile sufuria mikononi, mlisugue nyinyi, na kiti hiki changu mkamwekee mbele, pembeni ya Nakiete. Mimi nitasimama, miguu bado ninayo. Na mtu akiwauliza kwa nini mwanamke wa kanga iliyolowa ameketi meza kuu, msijieleze sana. Mwambieni: uyoga uliozima ndio uwashao msitu.