Masale ya Mama Aikaruwa

Asiyepima asing'oe isale. Mmemsikia mjomba wenu akimtupia Godlisten neno hilo leo mezani, nanyi mkacheka bila kujua mnachekea nini. Sogeeni basi, na anayemenya ndizi aendelee kumenya, maana kusikiliza hakuhitaji mikono. Methali hii ilianza hivi, huku huku kwetu Machame, kwa mtu aliyeitwa Eliakunda.

Eliakunda alikuwa mtunza stoo wa shamba la mkonge kule Tanga, tangu ujana hadi alipostaafu. Stoo ilimfundisha kwamba kila anayeingia anataka kuiba, na anayetoka huku anatabasamu ameshaiba. Mtoto wao wa kwanza Ndekirwa na wadogo zake walipokwisha kujitegemea, yeye na mkewe Nsia waliiuza nyumba yao kubwa yenye ua mpana wa michungwa, wakarudi mlimani. Huku walinunua kiwanja kidogo chenye nyumba ya vyumba viwili. Zaidi ya nyumba hapakuwa na kitu ila magugu.

Wakafyeka, wakaanza kuipanga bustani yao. Eliakunda alipima kila kitu kwa kamba na kuchomeka vijiti. Migomba ikae upande wa juu, kahawa kidogo chini yake, mboga ya mnafu na vitunguu mlangoni pa jiko, kwa sababu magoti ya Nsia yalikuwa yamechoka. Vyote vilienea. Kilichokosekana ni maji. Mfereji ulipita nyuma ya mpaka, ndani ya ardhi ya jirani, na desturi ya mfereji wetu mnaijua: anayefungulia maji bustani yake ni yule ambaye ardhi yake inagusa ukingo. Wengine wote wanazunguka hadi darajani na ndoo.

"Utapanga sana," Nsia alimwambia, "lakini nani atabeba hayo maji? Mimi na magoti haya?"

Eliakunda akageuka kutazama upande wa jirani. Na mtu wa namna yake akikosa jibu, hutafuta wa kumlaumu.

Jirani mwenyewe alikuwa mjane, Mama Aikaruwa. Kati yake na Eliakunda palikuwa na masale, na nyuma ya masale majani ya tembo aliyokatia ng'ombe wake, marefu kiasi cha kuuficha mfereji wote. Ninyi mliozaliwa mjini niwaeleze. Isale ni ule mmea wa majani marefu tunaoupanda mpakani. Linasema ardhi ya mtu inaishia hapa. Tena aliyekukosea akikuletea jani lake, huna budi kumsamehe. Isale halichezewi, na lililowekewa kiapo halihami.

Basi huyo mama alileta maziwa siku ya kwanza. Eliakunda akayanusa kabla ya kuyanywa. Mama akauliza, "Baba, upande huu wa chini mtapanda nini?" Eliakunda akamjibu kwa mkato, kisha akamwambia mkewe, "Anauliza ili iweje? Kuna kitu anakitaka." Asubuhi nyingine akamwona amesimama penye masale, anatazama chini, midomo inacheza. Siku hiyo alinywea chai mlangoni, anamchunga.

Ikambidi aende Tanga kuchukua vitanda na makabati yaliyobaki. Aliporudi, majani ya tembo yalikuwa yamefyekwa yote, ardhi imelimwa upya, masale ya zamani hayapo. Mapya yalikuwa yamepandwa kwa mstari, na mfereji ulionekana wazi nyuma yake. Ninyi mnajua jinsi mahali palipofyekwa panavyoonekana padogo. Eliakunda aliona kiwanja chake kimeliwa.

"Nilimwona akichimba," Nsia alisema. "Nilidhani mmekubaliana."

Eliakunda hakungoja hata kushusha vitanda. Alikwenda kumwita balozi wa nyumba kumi, akaja naye pamoja na majirani waliofuata kelele, kama ilivyo ada yetu.

"Mama, masale haya umepanda wewe?" balozi aliuliza.

"Nimepanda mimi, baba."

"Na ya zamani nani ameyang'oa?"

"Ni mimi."

"Mmesikia!" Eliakunda alipaza sauti. "Mwizi amekiri mwenyewe!"

Nsia alimvuta mkono. "Baba Ndekirwa, kamba yako iko jikoni. Pima kwanza."

"Mwizi hapimiwi! Nimekaa stoo maisha yangu yote, jicho langu ni kamba!"

Mama Aikaruwa akamgeukia. "Una hakika unataka yarudi yalipokuwa?"

"Yarudi palepale! Nasema mbele ya balozi na mbele ya Mungu!"

Kisha akayang'oa kwa mikono yake, moja baada ya jingine, akayatupa miguuni pa yule mama.

Mama Aikaruwa aliyaokota, akayakung'uta udongo. Watu wakamngoja aelekee kwake. Yeye akauacha mfereji nyuma, akaja upande wa nyumba ya Eliakunda, akaja tu, hadi watu wakaanza kutazamana. Akasimama, akafukua udongo kwa kidole cha mguu. Ikatokea mizizi ya masale ya zamani iliyobaki ardhini.

"Yalikuwa hapa," alisema. "Mpaka wa kweli ni ukingo wa mfereji. Marehemu mume wangu ndiye aliyeyahamisha, mwenye kiwanja wa zamani alipokuwa safarini. Alipokuwa anakufa alinisihi nirudishe. Niliona aibu kumsema mtu aliye kaburini, ndiyo maana nilingoja usafiri. Nilirudisha, baba. Na wewe umekataa."

Eliakunda alimsogelea. "Mama... mimi sikujua. Tuyarudishe pale mferejini."

Balozi akatikisa kichwa. "Isale lililong'olewa kwa ugomvi na kurudishwa kwa kiapo halihami tena. Umeapa mwenyewe, sisi tumesikia. Mpaka ni hapa."

Mama Aikaruwa akayapanda huku analia, na baadaye alisema hakulia kwa uchungu. Mzigo wa mumewe ulikuwa umemtoka.

Bustani ilipandwa hivyo hivyo, na migomba ikashika, lakini kwa maji ya ndoo. Nsia alikataa katakata kubeba hata ndoo moja, na mimi namuunga mkono. Kila asubuhi mstaafu wetu alizunguka hadi darajani, akapita mlangoni pa Mama Aikaruwa, akasalimiwa vizuri, akaitikia macho yakiwa ndani ya ndoo.

Lakini tabia ya stoo haikumtoka yote. Siku moja alirudi amelowa hadi magotini, akaitua ndoo, akaanza, "Nsia, yule mchunga mbuzi simwelewi, nadhani anatuibia..."

Nsia hakuinua hata uso kutoka kwenye chungu.

"Asiyepima asing'oe isale," alisema. Eliakunda akachukua ndoo nyingine, akarudi darajani.